Krismasi ya Nyanda za Juu Kusini haisubiri Desemba: jinsi ya kujipanga kuanzia Septemba

"Shangazi, mchele wa Kyela bado upo wa bei nafuu?" "Dada, fundi gani bado anapokea nguo?" "Mama, tiketi za tarehe 22 tunazipata wapi?"

Maswali haya hunifikia kila mwaka, na kila mwaka hunifikia wiki ya pili ya Desemba, wakati jibu la yote matatu ni "umechelewa". Nimechoka kulisema kwenye simu. Nimeamua kuandika utaratibu wangu wote hapa, ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku niendelee na palizi.

Kwanza elewa kitu kimoja kuhusu kwetu. Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Novemba, zinaisha Aprili au Mei, na huko Rungwe hata hazijui kuisha. Maana yake Krismasi inatukuta shambani. Ukipanda mahindi mwishoni mwa Novemba, wiki ya sikukuu ndiyo wiki ya kuweka mbolea ya kukuzia. Siku chache mbele shule zinafunguliwa, na mtoto anataka sare, viatu na madaftari. Shilingi moja inaitwa na watu watatu. Ndiyo maana ukiweka akiba ya "sikukuu" peke yake unajidanganya: mbolea itaikuta hapo ilipo na kuila.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Daftari moja, la karatasi. Simu ina mambo mengi, na ikiisha chaji hesabu zimelala nayo.
- Majina ya watakaokuja, na siku watakazolala. Siyo "familia ya kaka", andika vichwa.
- Mahali pa kuweka pesa ambapo huwezi kufika kirahisi: kibubu cha kupigilia misumari, kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa), au akaunti ya simu ambayo namba yake ya siri anayo mwenzako.
- Pipa la plastiki lenye mfuniko unaobana, au mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka tatu, ya kuhifadhia nafaka.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako. Utaona kwa nini.

Hatua ya 1: Gawa pesa mafungu matatu (katikati ya Septemba)

Kuanzia tarehe 17 Septemba hadi tarehe 24 Desemba kuna wiki 14 kamili. Ukitenga 30,000 kila wiki, unafika na 420,000. Hiyo ni hesabu ya mfano tu, weka kiwango chako, lakini usiiache bila kuigawa. Fungua kurasa tatu kwenye daftari: SHAMBA, SHULE, SIKUKUU. Mimi hujaza kwa mpangilio huohuo. Sikukuu ni ya mwisho, na sioni aibu. Mahindi yakikosa mbolea, Krismasi ya mwaka unaofuata ndiyo itakayolipa.

Kama uko kwenye kikoba, uliza leo kitavunjwa tarehe ngapi. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, na watu hupanga kila kitu juu ya siku hiyo. Hilo ni kosa. Mwaka mmoja chetu kilichelewa wiki mbili kwa sababu wanachama wanne walikuwa hawajarejesha mikopo. Tuligawana tarehe 29, tukiwa tumeshakula sikukuu ya madeni. Pesa ya kikoba ihesabu kuwa ya Januari. Ikiwahi, mshukuru Mungu.

Hatua ya 2: Nunua mpunga, acha mchele (Septemba)

Mpunga wa Kyela na wa Mbarali huvunwa kuanzia Mei hivi. Bei huanza kupanda kadiri mwaka unavyoisha, na Desemba wanunuzi wa mikoani wameshakomba. Septemba bado unaongea na mkulima ukiwa na nafasi ya kukataa.

Ushauri wangu ni kununua mpunga wenyewe na kukoboa baadaye. Mpunga wenye ganda hushambuliwa kidogo na wadudu, na mchele uliokobolewa karibuni hunukia vizuri zaidi ukiupika. Ukitaka mchele tayari, usinunue kwa macho. Omba kiganja kimoja, nenda nyumbani kapike. Wapo wanaochanganya mchele wa Kyela na mchele mwingine, na gunia zima linaitwa Kyela kwa sababu ya yale madebe mawili ya juu.

Makosa ninayoyaona: kuanika mchele uliokobolewa juani "ili wadudu wafe". Punje zinapasuka na wali unakuwa bokoboko. Jua ni la mpunga. Kosa la pili ni kupeleka mpunga mashineni tarehe 22 Desemba. Foleni ni ndefu, umeme unakatika, na unarudi na gunia lako kichwani kama ulivyokwenda. Koboa kabla ya tarehe 10.

Hatua ya 3: Mkaa, magodoro na mablanketi (Oktoba)

Oktoba jua bado linawaka. Mkaa ni mkavu na bei yake haijapanda. Mvua zikianza, njia za kutoka porini zinaharibika, mkaa unalowa, na gunia linakuwa zito kwa maji unayoyalipia. Nunua sasa, uweke juu ya mbao, usigusane na sakafu. Wenye gesi, pima mtungi wako mapema. Mtungi mdogo wa kilo 6 hautoshi kupika pilau ya watu ishirini ukiwa nusu.

Hapohapo toa magodoro na mablanketi yote uanike, yakiwemo yale ya juu ya kabati. Desemba hutapata siku mbili za jua mfululizo. Na usidanganyike kwamba Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi peke yake. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua ya usiku ina baridi yake. Wageni wa Dar wanakuja na kandambili na kashuka kamoja. Hesabu blanketi kwa kichwa.

Onyo, na hili silisemi kwa utani: usimwekee mgeni jiko la mkaa chumbani alale nalo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu usingizini. Kama chumba kina baridi, ongeza blanketi au chupa ya maji ya moto.

Panga na vyumba sasa. Kwa familia zinazoshika mila, hasa za Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake hawapishani mlangoni hivihivi. Ukisubiri wageni wafike saa nne usiku ndipo uanze kufikiria nani alale wapi, utamfanya binti wa watu akeshe jikoni.

Hatua ya 4: Fundi cherehani (kabla ya tarehe 20 Oktoba)

Peleka kitambaa Oktoba. Mwambie unachukua tarehe 5 Desemba kwa sababu una harusi tarehe 6. Harusi utaitafuta, Desemba hazikosekani. Lipa nusu, usilipe yote. Fundi aliyelipwa yote hana haraka na wewe.

Nguo za watoto ziachiwe upindo mpana. Kuanzia Oktoba hadi Krismasi mtoto anaweza kurefuka, na gauni linalofika magotini likawa la mdogo wake. Wanaonunua mitumba, nendeni masoko ya Mwanjelwa au Sido, Mbeya mjini, Oktoba na Novemba, siku za kazi, asubuhi. Jumamosi za Desemba pale ni kukanyagana tu.

Hatua ya 5: Nyama

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Kuku wa kienyeji.* Adui ni ugonjwa wa kideri. Kikiingia bandani mwezi wa kumi na moja, Krismasi unakula maharage. Chanjo ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanja Oktoba, kuku wakiwa wazima. Kuchanja kuku aliyekwisha kuanza kusinzia hakumponyi. Baada ya hapo usiingize kuku mgeni bandani. Jogoo uliyenunua sokoni Desemba mfunge mbali mpaka siku ya kisu.

*Kuku wa nyama.* Wanafika uzito wa kuuzika kwa wiki tano hadi sita. Rudi nyuma kutoka tarehe 24 Desemba wiki sita, unapata tarehe 12 Novemba. Hiyo ndiyo siku vifaranga wawe bandani. Weka oda Oktoba, maana kila mtu anapiga hesabu hiyohiyo. Kwa baridi ya kwetu wape joto wiki tatu nzima. Vifaranga wenyewe watakuambia: wakirundikana chini ya chanzo cha joto wana baridi, wakikimbilia pembeni joto limezidi. Ukitumia jiko la mkaa bandani, acha hewa ipite juu, kwa sababu ileile niliyoisema kuhusu wageni.

*Ng'ombe wa kuchangia.* Hii ndiyo njia ninayoipenda. Kaya kumi zinanunua ng'ombe mmoja Oktoba, kabla bei hazijapanda. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 akiwa hai hutoa karibu nusu yake nyama na mifupa, yaani kama kilo 120. Kila kaya inaondoka na kilo 12 hivi. Oktoba atakuwa amekonda kwa kiangazi. Mlishe pumba na mashudu ya alizeti, na majani mapya yakiota Novemba atajaa. Andikeni kwenye karatasi, na wote mtie sahihi: nani analisha, nani anachukua kichwa, ngozi, utumbo na miguu, na ng'ombe akifa kabla ya siku hasara ni ya nani. Msipoandika, mtagombana juu ya ulimi. Nimeona ndugu wa damu wakinuniana mpaka Pasaka kwa sababu ya supu.

*Nguruwe.* Huku kwetu kitimoto ina heshima yake, na ina hatari yake. Nguruwe wanaozurura na kula kinyesi cha watu hupata minyoo ya tegu. Ukiona kwenye nyama vifuko vyeupe kama punje za mchele, hiyo si nyama ya kula, hata kama muuzaji anasema ni mafuta. Anayekula nyama hiyo isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo, yakipita kwenye mikono michafu mpaka mdomoni mwa mtu, yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo mpigie afisa mifugo mapema aje akague kabla ya nyama kugawanywa, na ipikwe ikaive mpaka ndani. Usinunue nguruwe wa kutoka mbali Desemba bila kuuliza kama kuna karantini. Homa ya nguruwe ikitangazwa, kusafirisha kunazuiwa na pesa yako inabaki njiani.

Hatua ya 6: Tiketi (mara tu zinapoanza kuuzwa)

Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kuna hifadhi ya Mikumi, kuna mlima wa Kitonga, na ukikaribia kwetu kuna malori ya mpaka wa Tunduma. Hiyo si safari ya kwenda kusimama kwenye basi. Nunua kwenye ofisi ya basi au kwa mfumo wa mtandao, na tiketi iwe na jina lako, namba ya kiti, tarehe na nauli uliyolipa. LATRA, mamlaka ya usafiri ardhini, hupanga nauli kikomo, ukizidishiwa una mahali pa kulalamika. Usinunue kwa mpiga debe. Mpwa wangu alinunua "kiti cha dirishani" kwa kijana mmoja nje ya stendi, akakuta kiti hicho kina wenyewe watatu. Akakaa juu ya ndoo mpaka Makambako.

Tiketi ya kurudi nunua siku hiyohiyo. Watu wanakumbuka kwenda, wanasahau kwamba wiki ya kwanza ya Januari kila mwanafunzi na kila mfanyakazi anarudi.

Unayekwenda Tukuyu au Kyela, shuka Uyole. Njia ya huko inaanzia pale, na basi la kutoka Dar linafika Uyole kabla ya mjini. Kila mwaka kuna mtu anapitiliza hadi Stendi Kuu, kisha anarudi nyuma na mizigo na watoto kwenye foleni. Treni ya TAZARA nayo, ikiwa inatembea, kituo chake cha Mbeya ni Iyunga, na mandhari yake ni raha tupu, ila apande asiye na miadi.

Hatua ya 7: Shamba kabla ya sherehe (Novemba)

Mbegu na mbolea ya kupandia ziwe ndani mvua ya kwanza ikianguka. Kama unatumia mbolea ya ruzuku, hakikisha taarifa zako za usajili ziko sawa mapema, siyo siku umeshika pesa dukani. Nunua na ya kukuzia wakati huohuo ukiweza. Halafu piga hesabu: mahindi yameota lini? Ongeza wiki nne. Kama siku hiyo inaangukia kati ya tarehe 22 na 27 Desemba, tangaza kwa wageni wote kabla hawajapanda basi kwamba tarehe 23 asubuhi tunaingia shambani. Watu kumi na tano wenye vikopo vya mbolea wanamaliza ekari moja kabla ya chai ya saa nne. Wa Dar watalalamika mgongo, na picha watapiga.

Hatua ya 8: Wiki ya mwisho

- Tarehe 18: nunua umeme wa LUKU wa kutosha hadi mwaka mpya.
- Tarehe 20: toa pesa taslimu utakayotumia, kwa noti ndogo. Tarehe 24 mtandao unasumbua na mawakala wanaishiwa.
- Tarehe 21: viungo, mafuta, sukari, unga, chumvi. Chumvi husahaulika kuliko kitu chochote.
- Tarehe 22: watoto wa maigizo wapeleke mavazi kanisani. Ubatizo wa Krismasi hauandikishwi wiki hii. Ulipaswa kuonana na mchungaji au katekista tangu Oktoba.
- Tarehe 23: shamba, kama nilivyosema.
- Tarehe 24: loweka maharage, menya vitunguu saumu, kisha mkesha.

Mti? Tawi la msindano kutoka kwa jirani mwenye nao, ukiomba. Usiingie msitu wa serikali na panga.

Mambo yakienda kombo

*Maharage hayaivi.* Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Mpishi aliyezoea Dar ataona ajabu. Loweka usiku mzima na uanze kuchemsha mapema. Kumkaripia mpishi hakusaidii.

*Unga wa maandazi haujaumuka.* Ni baridi. Kanda kwa maji ya uvuguvugu, funika, weka karibu na jiko, siyo juu yake. Au kanda usiku, asubuhi utakuta umejaa beseni.

*Kuku wamekufa wiki ya mwisho.* Usichinje wanaosinzia ukawauzia watu. Fukia au choma waliokufa. Kwa sikukuu nunua fungu la nyama kwa kaya iliyochangia ng'ombe. Kila mwaka kuna mmoja anayehitaji pesa ya mbolea kuliko kilo 12 za nyama.

*Wageni wameongezeka.* Watakuja, hilo liandike tangu mwanzo: ongeza vichwa vitano juu ya hesabu yako. Wakizidi hapo, ndizi za Tukuyu. Mkungu mmoja mkubwa ukipikwa na nyama kidogo na nazi au karanga unanyanyua meza nzima, na hakuna atakayejua kuwa nyama ilikuwa kidogo.

*Mvua zimechelewa, hamjapanda mpaka tarehe 15 Desemba.* Basi wageni watapanda badala ya kukuzia. Waambie waje na gambuti.

*Umeme umekatika tarehe 26 na nyama imejaa friji.* Usifungue friji mara kwa mara. Umeme usiporudi ndani ya saa chache, toa yote, chemsha na chumvi mpaka iive kabisa, kisha ikaushe juu ya moshi jikoni. Fanya hivyo mapema, nyama ikiwa bado ya baridi, siyo jioni ya siku ya pili ukiwa unajadiliana na shemeji kama bado inafaa.

*Fundi hajamaliza.* Kaa kwenye benchi lake usiondoke.